Rezo iko, lakini mesaji haipite: etaje za juu za intaneti zinatumika namna gani?

Simu inaonyesha rezo, mega haijaisha, lakini mesaji inabakia pale pale na kale kasaa kadogo pembeni. Katika miji na vijiji vya mashariki mwa Kongo, wakaaji wengi wanaijua hali hii. Wengine wanazima simu na kuiwasha tena, wengine wanabadilisha kadi, wengine wananunua mega zingine wakati zile za kwanza zingali. Mara nyingi makuta inaenda bure, kwa sababu shida haiko fasi ile wanapoitafuta.

Mesaji haitoki katika simu moja na kuruka moja kwa moja hadi katika simu ingine. Inashuka etaje kwa etaje katika simu ya anayetuma, inasafiri, kisha inapanda etaje kwa etaje kwa yule anayepokea. Etaje moja tu ikikwama, yote inakwama.

Nyumba ya etaje saba

Mwaka wa 1984, shirika la kimataifa ISO, linalopanga vipimo na kanuni za kiufundi, lilitoa mfano wa kueleza kazi ya rezo. Mfano huo unaitwa OSI, na Mfaransa Hubert Zimmermann ni mmoja wa wale walioutengeneza. Unagawanya kazi katika etaje saba. Wazo lake ni rahisi: kila etaje inafanya kazi yake tu, inatumikia ile iliyo juu yake, na haijali ile ya chini inatimiza kazi yake namna gani. Mtu anayeandika mesaji haombwi kujua kama itapita kwa anteni, kwa waya ao kwa satelite.

Etaje tatu za chini ni za njia. Ya 1 ni mawimbi na waya. Ya 2 inaunganisha vyombo viwili vilivyo jirani, kwa mfano simu na anteni. Ya 3 inatafuta njia kutoka rezo moja hadi ingine, kwa kutumia anwani za namba. Etaje nne za juu, kuanzia ya 4 hadi ya 7, haziangalii njia. Zinaangalia mazungumzo yenyewe: je, yote imefika? Nani anaongea na nani? Wanaelewana? Wanafanya kazi gani pamoja?

Ile mistari ya rezo inayoonekana juu ya kiyoo cha simu inaeleza tu kama simu inasikia anteni vizuri. Juu ya etaje za juu, haisemi kitu. Njo maana mistari inaweza kujaa na mesaji isipite.

Mfano wa biashara ya ziwa unasaidia kuelewa. Mama mchuuzi wa Goma anatuma magunia ya maharagwe kwa mwenzake wa Bukavu. Ziwa Kivu na boti ni etaje za chini. Kuhesabu magunia yaliyofika na kudai lile lililopotea ni kazi ya etaje ya 4. Kufungua hesabu ya biashara hiyo, kukumbuka wamefika wapi, kisha kuifunga, ni etaje ya 5. Kukubaliana kipimo, kilo ao bakuli, na kushona gunia vizuri ili mtu asilifungue njiani, ni etaje ya 6. Biashara yenyewe, nani anauza nini na kwa bei gani, ni etaje ya 7. Boti inaweza kufika salama, na biashara ikaharibika kwa sababu mmoja alihesabu kwa kilo na mwengine kwa bakuli.

Etaje ya 4: kuhesabu vipande

Hakuna mesaji ndefu, picha ao wimbo unaosafiri mzima. Unakatwa vipande vidogo. Kanuni inayotumiwa sana kwa kazi hiyo inaitwa TCP. Inatokana na kazi ya Wamarekani Vint Cerf na Bob Kahn, waliotoa mpango wao mwaka wa 1974. Tarehe 1 Januari 1983, rezo ya ARPANET ya Marekani, iliyozaa intaneti, iliacha kanuni zake za zamani na kuingia katika TCP.

TCP inaweka namba juu ya vile inavyotuma. Anayepokea anajibu: nimepata hadi namba fulani. Jibu lisipofika, anayetuma anarudilia. Akiona vipande vingi vinapotea, anapunguza mwendo, sawa dereva anayeona barabara imejaa matope. Hapo kuna jambo linalogusa mfuko: pale rezo iko mbaya, kipande kimoja kinaweza kutumwa mara mbili ao tatu, na kila mara kinapita katika rezo na kinaweza kuhesabiwa. Faili ile ile inaweza kula mega nyingi zaidi wakati wa rezo ya kukatika-katika kuliko wakati rezo iko imara. Kungojea saa rezo inatulia kabla ya kupakua faili kubwa ni njia ya kweli ya kupunguza matumizi.

Iko kanuni ingine, UDP. Yenyewe inatuma tu, haingojei jibu. Mara nyingi inatumiwa kwa mazungumzo ya sauti, kwa sababu neno linalofika kisha sekunde tano halina maana tena. Njo maana mtu akipiga simu kwa WhatsApp wakati rezo iko zaifu, maneno yanakatwa, lakini mesaji ya maandishi inafika nzima hata ikichelewa.

Etaje hii inatoa pia namba za milango. Simu iko na anwani moja, lakini inaweza kusikiliza radio, kupokea mesaji na kupakua picha wakati moja, kwa sababu kila kazi inapita mlango wake. Namba hizo zinafika hadi 65 535. Kurasa zilizofungwa kwa siri zinapita mlango wa 443, na serveri za barua zinapokezana barua kwa mlango wa 25. Katika wifi ya ofisi ao ya shule, mwenye kuisimamia anaweza kufunga milango mingine. Hapo kurasa zinafunguka lakini kazi ingine inakataa, na simu haina kosa.

Etaje ya 5: kufungua na kufunga mazungumzo

Etaje ya 5 inasimamia sesyo, maana yake mazungumzo yaliyo na mwanzo na mwisho. Inakumbuka nani ameingia, amefika wapi, na inafunga mlango akitoka.

Wakaaji wengi wanatumia sesyo kila siku bila kuita jina lake. Mtu akifinya kode ya nyota na diyezi ili kutuma feza kwa simu, iwe M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, anafungua sesyo ya USSD. USSD haipiti katika intaneti, njo maana haiombi mega, lakini kazi ni ile ile ya kufungua mazungumzo na kuyafunga. Sesyo hiyo iko na muda wake. Anayekawia kuchagua namba anaona kiyoo kinajifunga, na anapashwa kuanza upya.

Hatari iko mwishoni. Mtu amekwisha kuandika neno la siri, amehakikisha, kisha kiyoo kinapotea kabla ya jibu. Sesyo imekufa, lakini agizo linaweza kuwa limekwisha kufika. Akirudilia mara moja, anaweza kutuma feza mara mbili. Njia ya busara ni kuangalia kwanza salio, ao kungojea mesaji ya kuhakikisha, mbele ya kuanza tena. Kiyoo kilichopotea kinasema tu kwamba mazungumzo yamekatika. Hakisemi kama kazi imefanyika ao hapana.

Katika kurasa za intaneti, sesyo inashikiliwa na karatasi ndogo ya kumbukumbu inayoitwa kuki, iliyotengenezwa na Lou Montulli mwaka wa 1994. Kila mara mtu anafungua ukurasa mwengine, kompyuta yake inaonyesha karatasi hiyo, na serveri inajua ni yule yule. Bila kuki, Facebook ingeomba neno la siri kila mara mtu anafinya kitu.

Lakini karatasi hiyo ni sawa na ufunguo. Mtu akifungua Facebook ao barua zake katika nyumba ya intaneti, kisha akaondoka kwa kufunga dirisha tu, sesyo yake inaweza kubakia wazi. Anayekaa kisha yeye anaingia bila kuombwa neno la siri. Ni vile vile kwa WhatsApp iliyounganishwa na kompyuta: inaendelea kupokea mesaji hata mwenye simu akiwa mbali. Ndani ya WhatsApp iko orodha ya vyombo vilivyounganishwa. Kuiangalia kunaomba sekunde chache, na kompyuta ambayo mtu haijui anapashwa kuiondoa mara moja.

Etaje ya 6: lugha, kipimo na kifuniko

Kompyuta haijui herufi. Inajua namba tu. Etaje ya 6 inapanga namna habari inavyogeuzwa namba, namna inavyofinywa ili iwe ndogo, na namna inavyofunikwa ili wengine wasiisome.

Kanuni ya zamani ya herufi, ASCII ya mwaka wa 1963, iko na alama 128 tu, na haina herufi za Kifaransa zenye alama juu. Leo kurasa nyingi zinatumia UTF-8, iliyotengenezwa mwaka wa 1992 na Ken Thompson pamoja na Rob Pike. Inaweza kubeba herufi za lugha nyingi za dunia na hata zile sura ndogo za kucheka na kulia. Ndani ya UTF-8, herufi « é » inaandikwa kwa namba mbili. Kompyuta inayosoma kwa kanuni ingine inaona alama mbili, na neno « réunion » linakuwa « rÃ©union ». Barua haijaharibika njiani. Pande mbili zimetumia vipimo tofauti, sawa kilo na bakuli.

Jambo hilo linaweza kugharimu feza katika SMS. SMS moja inabeba herufi 160 za orodha ya kawaida. Ndani ya orodha hiyo « é », « è » na « à » ziko, lakini « ê », « ô » na « ç » ndogo haziko. Herufi moja tu isiyokuwa ndani ya orodha inatosha ili mesaji nzima ibadilishe kipimo, na nafasi zinashuka toka 160 hadi 70. Na mesaji ikipita kipimo hicho inakatwa vipande vya 67. Kwa hiyo tangazo la herufi 150, lenye neno « fête » ndani yake, linaweza kuhesabiwa kama SMS tatu pahali pa moja. Shirika linalojulisha wanamemba 200 linaweza kulipa SMS 600. Simu zingine zinaondoa alama zenyewe, lakini hazifanyi hivyo zote. Anayetuma matangazo kwa watu wengi anaweza kuandika « fete », na kuepuka alama zilizonakiliwa toka programu ya kuandikia, kama ile apostrofe iliyopindika.

Etaje ya 6 inafinya pia sauti. Katika rezo ya simu ya zamani, sauti ilichukua kilobiti 64 kwa sekunde. Mesaji za sauti za WhatsApp zinatumia kanuni inayoitwa Opus, ya mwaka wa 2012, ambayo inaweza kubeba sauti ya mtu vizuri kwa kilobiti 16. Kwa mwendo huo, mega moja inatosha kwa dakika nane hivi za maongezi. Video, hata ikifinywa, inaomba mara nyingi zaidi ya hapo. Habari ile ile, ikisemwa kwa sauti pahali pa kutumwa kwa video, inafikia watu wengi wenye mega kidogo.

Mwishoni kuna kifuniko. Kurasa zinazoanza na « https » zinafunikwa kwa kanuni ya TLS, ambayo toleo lake la 1.3 lilitoka mwaka wa 2018. Serveri inaonyesha kwanza sertifika, sawa karte ya uchaguzi ya kuonyesha ni nani, kisha pande mbili zinakubaliana ufunguo wa siri. Sertifika iko na tarehe ya kuanza na ya kumalizika. Simu iliyozimika muda mrefu na kurudi na tarehe ya zamani inakataa karibu kurasa zote ikisema si salama. Watu wengi wanafikiri ni virusi ao rezo, kumbe inatosha kusahihisha tarehe na saa.

WhatsApp iko na kifuniko cha toka mwisho hadi mwisho tangu mwaka wa 2016: hata serveri zake zenyewe hazisomi maneno ya mesaji. SMS ya kawaida haina kifuniko hicho, na kampuni ya simu inaweza kuiona. Lakini kifuniko kiko na mipaka. Kinaficha maneno tu, hakifichi kwamba simu fulani imetumia rezo saa fulani, kwa kiasi fulani. Na simu yenyewe ikinyanganywa ikiwa wazi, hakuna kifuniko tena, kwa sababu mesaji imekwisha kupanda hadi etaje ya juu na kufunguliwa.

Etaje ya 7: kazi yenyewe

Etaje ya 7 ni ile iliyo karibu na mtu. Haiko programu yenyewe, ila ni kanuni ambazo programu zinatumia ili kuombana kazi. HTTP, ya kuomba kurasa, ilitokana na kazi ya Mwingereza Tim Berners-Lee katika kituo cha CERN pale Geneva, aliyetoa wazo lake mwaka wa 1989. SMTP inapeleka barua. DNS, iliyopangwa na Paul Mockapetris mwaka wa 1983, ni kitabu cha majina: inageuza jina la ukurasa kuwa namba. Ndani ya kitabu hicho Kongo iko na herufi zake, .cd, zilizochukua nafasi ya .zr ya wakati wa Zaire. DNS isipojibu, ukurasa haufunguki hata njia ikiwa nzima.

Etaje hii inazungumza kwa majibu ambayo mtu anaweza kuyasoma. Kiyoo kikionyesha 404, maana yake serveri imefikiwa, lakini ukurasa ule haupo. 503 maana yake serveri imelemewa ao iko katika matengenezo. Katika hali hizo mbili rezo imefanya kazi yake. Kununua mega ao kubadilisha kadi hakusaidii kitu.

Alama za WhatsApp zinaonyesha vizuri tofauti ya etaje. Kasaa kadogo maana yake mesaji ingali ndani ya simu. Alama moja maana yake imefika kwa serveri. Alama mbili maana yake imefika katika simu ya mwenzake. TCP ya etaje ya 4 inahakikisha tu safari kati ya simu na serveri. Kujua kama mtu wa mwisho amepata, hiyo ni kazi ya etaje ya 7. Kwa hiyo alama moja inayokawia haionyeshi kwamba anayetuma hana rezo. Mara nyingi inaonyesha kwamba anayepokea hayuko hewani. Katika siku za wasiwasi, familia zinaweza kujua jambo hilo mbele ya kufikiri mabaya: simu ya ndugu inaweza kuwa imezimika, haina mega, ao haina anteni karibu.

Pale juu njo wezi wanapita pia. Kufuli pembeni ya jina la ukurasa linasema tu kwamba njia imefunikwa. Halisemi kwamba mwenye ukurasa ni mtu wa haki, kwa sababu kila mtu anaweza kupata sertifika bila kulipa. Mwaka wa 2023, Chrome iliondoa alama hiyo ya kufuli katika kompyuta na Android, kwa sababu watu wengi waliisoma vibaya. Na mwizi anayeomba kode ya namba sita ya WhatsApp havunji etaje yoyote. Anamwomba mwenyewe amfungulie. Mafundi wa rezo wanatania kwamba kuna etaje ya 8: mtu.

Katika maisha ya kila siku, intaneti haifuati etaje saba sawasawa. Mfano wa TCP/IP, ambao njo unaotumika kweli, unaweka etaje ya 5, 6 na 7 pamoja na kuziita moja tu, ya kazi. TLS wengine wanaiweka katika ya 6, wengine kati ya 4 na 7. Mfano wa OSI unabakia na faida ya kutafutia shida.

Kutafuta shida toka chini hadi juu

Mbele ya kutoa makuta, mtu anaweza kufuata hatua hizi:

- Simu ya kawaida inapita? Ikiwa hapana, shida iko chini: anteni, kadi ao simu yenyewe.
- Simu inapita lakini hakuna ukurasa wala mesaji? Aangalie mega zimebakia ngapi, na kama intaneti imewashwa katika simu.
- Kurasa zote zinakataa na kusema si salama? Aangalie tarehe na saa.
- Ukurasa mmoja ao programu moja tu inakataa, na zingine zinatumika? Shida iko juu, upande wa serveri ao wa programu. Angojee, ao asasishe programu.
- Mesaji iko na alama moja? Imetoka. Anayesubiriwa ni mwenzake.
- Kiyoo cha feza kimepotea katikati ya kazi? Salio kwanza, kurudilia kisha.
- Mtu anaomba kode ao neno la siri kwa simu, hata akijiita mfanyakazi wa kampuni? Hakuna etaje hata moja inayoomba hivyo. Asimpe.